Nilivyompunguzia Marlys Dombek Mapato Yake

Mimi ndiye niliyemfanya Marlys Dombek maskini. Nilimfanya hivyo kwa kalamu yangu mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, huku yeye akinishukuru. Nalisema mapema ili asije mtu baadaye akadai kwamba nilificha. Jina langu ni Dorothea Behnke, mtaani wananiita Dot. Nina ofisi ya kujazia watu fomu za kodi ya serikali hapa kusini mwa Milwaukee, katikati ya duka la soseji na baa ambayo imeshabadilisha jina mara nne. Kwa miaka thelathini kazi yangu imekuwa moja tu, kuhakikisha mtu haipi serikali senti ambayo sheria haimlazimishi kuitoa. Kwa hilo nilikuwa naringa, na sikuringa bure, maana kazi nilikuwa naijua.

Marlys ni fundi sofa. Ana miaka sitini na moja, mfupi, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya sindano na pini. Viti virefu vya nusu ya baa za mtaa huu vimevalishwa ngozi na yeye, na hata vile vigodoro vya kupigia magoti kanisani kwetu ni kazi ya mikono yake. Hajaajiriwa na mtu tangu kiwanda cha makochi kilipofungwa mwaka tisini na nane. Anapigiwa simu, anakwenda na gari lake bovu, anabeba kiti, anakirudisha kikiwa kipya, analipwa. Wengine wanampa hundi. Wengine wanampa noti mkononi pamoja na kipande cha keki, na kuna bibi mmoja wa Cudahy anayemlipa nusu kwa pesa na nusu kwa mayai.

Kila Februari alikuwa anakuja ofisini na risiti zake kwenye ndoo tupu ya aiskrimu. Ananimwagia mezani, anavua koti, anakaa. Mimi nazipanga, na kila gharama ya kazi naikata kwenye mapato yake. Gari, kata. Mafuta ya gari, kata. Sponji, gundi, uzi, misumari, kata. Simu, kata. Karakana anayopanga nyuma ya bucha, kata. Nusu ya chumba chake cha kulala, kwa kuwa ana kimeza cha hesabu humo ndani, kata nayo. Zile pesa za mkononi alikuwa ananiambia, "Hizo usiziandike, Dot, hizo ni za mkate," nami nilikuwa natazama dirishani mpaka amalize kusema. Tukishamaliza, namgeuzia karatasi auone mstari wa mwisho, mapato yanayobaki. Mwaka juzi ulisoma dola elfu kumi na mbili na kidogo. Mwaka jana ulisoma elfu kumi na moja, mia tatu na themanini, na Marlys alicheka mpaka akafuta machozi.

Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye samaki wa kukaanga tunaokula pale baa kila Ijumaa, alisimama na glasi yake ya brandi akawatangazia watu kwamba serikali imemtafuta maisha yake yote na haijampata, na haitampata ng'o, maana ana Dot. Watu wakagonga meza kunishangilia. Nilijisikia vizuri, siwadanganyi. Kwa kweli Marlys alikuwa anapata kama elfu thelathini na nane kwa mwaka, na aliyejua hivyo duniani ni mimi peke yangu, kwa sababu hata yeye alikuwa anakisia tu.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Kwa miaka ishirini na miwili alipanga ghorofa ya juu kwa mzee Szymczak, dola mia sita kwa mwezi, pesa mkononi kila tarehe moja, na kahawa juu yake. Mkataba hawakuwa nao. Mzee alikuwa anamwachia nafasi ya kuegesha gari, naye Marlys alikuwa anamkwangulia theluji mlangoni na kumnunulia dawa. Mzee akafa Novemba. Watoto wake wako Arizona, nyumba wakaiuza kwa simu bila hata kuja kuiangalia, na mnunuzi akambandikia Marlys barua mlangoni: ifikapo tarehe thelathini na moja Machi awe ametoka. Barua haikuwa na matusi wala nini, ilikuwa mistari minne tu.

Basi akaanza kutafuta. Mtu aliyetafuta nyumba mara ya mwisho miaka ishirini na miwili iliyopita hajui dunia imekwenda wapi. Alidhani unaona kibao dirishani, unabisha hodi, unaonyesha sura yako na pango la mwezi mmoja. Akakuta nyumba zote ziko kwenye kompyuta, na kompyuta inataka dola hamsini za kukufikiria, ambazo hazirudi. Mahali pa kwanza, hamsini. Pa pili, hamsini. Kote aliambiwa atajibiwa Jumatatu, na Jumatatu ikija anapata barua pepe ya mistari miwili kwamba ombi lake halikufanikiwa.

Kulikuwa na namba yake ya mikopo, ile wanayompimia mtu kama analipa madeni. Miaka mitano iliyopita mkono wake wa kulia ulipasuliwa, na bima hakuwa nayo. Bili ya hospitali ilimshinda, ikauzwa kwa wakusanya madeni, na tangu hapo namba yake imelala kwenye mia tano na arobaini. Mwenye namba hiyo hapa kwetu hauziwi hata friji kwa mafungu. Hilo Marlys alilijua, na alishakubali kwamba litamsumbua. Lakini moyoni alikuwa anasema, potelea mbali namba, wakiona kazi ninayofanya na pesa ninazopata watanielewa.

Alinisimulia haya Alhamisi moja katikati ya Machi, siku ya mvua ya barafu. Nilikuwa na fomu za watu zimejaa mezani, ndiyo miezi yangu ya kufa kupona hiyo. Aliingia bila kubisha, akakaa na koti lake limelowa, uso umemshuka. Sikuwahi kumwona amechoka vile. Alikuwa ametoka ofisi ya tatu, ya kampuni moja yenye majengo upande wa uwanja wa ndege. Binti aliyempokea alikuwa mwema, tena mwenye adabu, alimwita mama na akampa maji ya kunywa. Akamwomba slipu za mshahara. Marlys akamwambia hana mshahara, anajiajiri. Binti akasema hakuna shida, waliojiajiri wanaleta fomu za kodi za miaka miwili. Marlys akafurahi. Fomu alikuwa nazo kwenye mkoba, safi, na sahihi yangu chini. Akamkabidhi binti kwa fahari.

"Akazisoma," Marlys akaniambia. "Akarudia. Halafu akainuka akafunga mlango, Dot, ili watu wa nje wasisikie. Akaniuliza kama nina mtoto mkubwa wa kunisaidia. Akaniuliza kama naijua ile ofisi ya kanisa inayogawa chakula."

Nilizisogeza pembeni fomu za watu wengine, naye akaendelea.

"Nikamwambia amesoma vibaya. Akanionyesha kwa kalamu. Elfu kumi na moja, mia tatu na themanini. Akasema wao wanataka mtu apate mara tatu ya pango, na kwa karatasi hii mimi siwezi kupanga hata stoo ya kuwekea baiskeli. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma."

Huruma ile ndiyo iliyomuuma kuliko kufukuzwa. Kisha akanieleza alichokuja kutaka. Alitaka nimwandikie barua, kwa karatasi yenye jina la ofisi yangu, kwamba mimi Dorothea Behnke ninathibitisha kuwa Marlys Dombek anapata dola elfu thelathini na nane. Si ndivyo ilivyo? Si ninajua?

Nilijua. Ila sahihi yangu ilikuwa imeshakaa chini ya ile kumi na moja. Nikiandika thelathini na nane, karatasi moja kati ya hizo mbili inakuwa ya uongo, na zote mbili zimetoka kwenye meza hii. Wakinipata nanyang'anywa leseni. Nikamweleza polepole. Nikamwambia kuna njia ya haki, tuzirekebishe fomu za miaka miwili, tuandike zote, hata zile za mkate. Akauliza itamgharimu kiasi gani. Nikapiga hesabu pale pale. Serikali ingemdai karibu dola elfu saba na nusu pamoja na faini. Akiba yake yote, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya amana ya nyumba na kuhamisha vitu, ilikuwa elfu nne.

"Kwa hiyo nikisema ukweli sina pesa za kupangia," akasema, "na nisiposema sina nyumba ya kupanga."

"Ningeishia wapi kukata, Marlys? Wewe mwenyewe ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi, ndiyo. Mimi ni fundi sofa. Mjuzi ni wewe. Hukuwahi kuniambia hata siku moja kwamba karatasi hii kuna mtu mwingine ataisoma."

Hapo alinishika pabaya. Kwa sababu ni kweli, sikuwahi. Wateja wangu nusu ni watu wa namna yake, mafundi, wasusi, wapaka rangi, na wote nawakata hivyo hivyo, na wote wanaishi kwenye nyumba za wazee wasiouliza. Wazee wanakufa. Nilipaswa kuliona hilo kabla yake, na nadhani nililiona, ila nilipenda sana kugongewa meza Ijumaa.

Alichezea kifungo cha koti. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Ile ghorofa yako ya juu imepata mtu?"

Sasa nami niseme yangu. Nyumba yangu ni ya ghorofa mbili, kama nyumba nyingi za mtaa huu, mimi nakaa chini na mpangaji anakaa juu. Juu kulikuwa kutupu tangu Januari. Kibao kilikuwa dirishani, dola elfu moja na hamsini, na Marlys alipita chini ya kibao hicho kila alipokuja kwangu. Sikumwambia njoo. Mpangaji aliyetoka alinikalia miezi minane bila kulipa, nikaenda mahakamani mara tatu, na alipoondoka alinivunjia mlango wa friji kwa makusudi. Siku ile niliapa hapandi tena mtu ngazi zile bila karatasi zilizonyooka. Na karatasi za Marlys nilizijua kuliko mtu yeyote. Kila nilipofikiria kumwambia, mstari ule wa mwisho ulikuwa unanijia kichwani, mstari ambao niliuandika mwenyewe nikijua si kweli, na bado nikauogopa. Ndivyo nilivyokuwa mpumbavu.

"Haijapata mtu," nikasema.

"Nimengoja wiki tatu uniambie mwenyewe," akasema. "Nikaona labda umesahau."

Ningeweza kumpa ufunguo pale pale, ulikuwa kwenye droo karibu na goti langu. Badala yake nilivuta droo nyingine nikatoa fomu ya maombi ya kupanga, ile ninayowapa watu wote, nikaisukuma mbele yake. Nikasema ni utaratibu tu. Nasikia aibu kuandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Marlys aliitazama fomu, akanitazama. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Akachukua kalamu yangu akaanza kujaza, jina, simu, mwenye nyumba wa zamani. Hapo akaandika, marehemu. Alipofika penye mapato ya mwaka akasimamisha mkono.

"Hapa niandike yapi, Dot? Wewe ndiye unayejua."

Mvua ilikuwa inapiga kioo. Nilikuwa na nafasi ya kusema andika thelathini na nane, au kuichukua ile fomu niichane. Nikasema, "Andika yanayolingana na fomu yako ya kodi." Akaandika elfu kumi na moja, mia tatu na themanini, kwa tarakimu zake kubwa za fundi, akaweka sahihi. Halafu akafungua mkoba akatoa noti ya hamsini akaiweka juu yake, kwa sababu chini ya fomu imeandikwa kwamba ada ni dola hamsini. Nikamwambia airudishe mkobani. Akaisogeza kwangu. Nikaipokea, Mungu anisamehe.

"Nitakujibu Jumatatu," nikasema.

Neno lilikwisha kunitoka ndipo nikasikia nilichosema. Yeye aliitikia kwa kichwa tu kuonyesha ameelewa, akavaa kofia, akatoka. Aliufunga mlango taratibu ili usipigwe na upepo.

Ijumaa ilikuwa ya Kwaresima, baa ilijaa, na meza yetu nilikaa peke yangu. Mwenye baa aliniuliza Marlys yuko wapi, nikasema ana kazi. Samaki alikuwa vizuri, chapati za viazi zilikuwa vizuri, sikuweza kumaliza. Yule mtu aliyevalisha kiti nilichokalia hakuwa na mahali pa kulala ifikapo Aprili, na mimi nilikuwa na vyumba vitano vitupu juu ya kichwa changu, na noti yake ya hamsini kwenye pochi.

Jumamosi nilifungua kompyuta nimpime madeni na mapato kama ninavyowapima wengine. Nikaandika jina lake, nikafika penye kitufe cha kubonyeza, mkono ukakataa. Ningepima nini? Nilikwisha kujua atafeli. Na nilijua vile vile kwamba mwanamke huyu hakuwahi kuchelewesha pango siku moja kwa miaka ishirini na miwili, isipokuwa hilo halikuandikwa popote, na aliyeweza kulishuhudia yuko makaburini. Nilijichukia, nikaizima kompyuta, nikaenda kudeki ngazi za juu.

Jumapili baada ya misa nilimfuata kwake. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye magazeti. Dada yake anayekaa Rhinelander, mwendo wa saa nne kaskazini, alikuwa amekubali kumpa chumba cha chini, kwenye mashine ya kufulia. Kule hakuna baa za kutosha wala viti vya kutosha, angekwenda kukaa tu, na alijua. Nikamwambia nyumba ni yake. Nikamwekea ufunguo juu ya kasha, na noti yake ya hamsini juu ya ufunguo, na nikasema pango ni mia saba.

Alikaa juu ya kasha jingine. Akaniuliza swali moja tu.

"Umenipima?"

"Sikukupima."

"Kibao chako kinasema elfu moja na hamsini."

"Kwako ni mia saba."

"Sitaki ya huruma, nimeshapewa ya kutosha mwezi huu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka hoi, haikuwa na hasira. "Nitalipa mia tisa. Na tuandikishane mkataba, mwaka mmoja, kila kitu. Hiyo hamsini ni ada, chukua."

Tukaandikishana. Nilitia sahihi, akatia sahihi, na alisoma kila mstari kabla ya kutia, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa anatia sahihi popote nilipoweka kidole. Tarehe ishirini na tisa Machi alihamia. Niliwatafuta wanaume wawili wa kubeba kabati, nikamtengenezea supu. Alinishukuru vizuri, akarudisha sufuria imeoshwa siku hiyo hiyo.

Amekuwa mpangaji ambaye huwezi kumtoa kasoro. Pango liko kwenye bahasha, ndani ya kisanduku changu cha barua, kabla ya saa mbili asubuhi tarehe moja. Theluji ya mlangoni nakuta imekwanguliwa. Nasikia nyayo zake juu, nasikia redio yake, nasikia anapokohoa. Ijumaa tunakaa meza moja, ananisogezea chumvi, tunazungumza habari za mvua na bei ya ngozi. Hainui tena glasi kunisifu. Kushuka kuja kunywa kahawa, hapana, hashuki, na mimi nimepanda mara moja tu, bomba lilipovuja.

Februari ikaja, ikaisha. Nilimngoja ofisini. Machi ikaanza, kila nikisikia mlango nainua kichwa, si yeye. Nikajiambia ana kazi nyingi. Katikati ya Machi tulikutana kwenye ngazi, mimi natoka dukani na mifuko, yeye anapanda na sponji kwapani, nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza kama amesahau fomu zake, siku zinakwisha.

"Nimeshapeleka," akasema. "Kuna kijana wa fomu kule West Allis. Ameandika zote."

"Hata za mkononi?"

"Zote, Dot. Hata za mayai. Nimeilipa serikali mpaka nikaona kizunguzungu."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kwangu. Ningemwandikia vile vile, zote, na bure, asingelipa hata senti. Nilitaka anitukane, yaishe.

Hakunitukana. Alihamisha sponji kwapa la pili, akanijibu kama mtu anavyomweleza mtoto.

"Wewe ni mwenye nyumba wangu sasa. Ukijua ninachopata, utanipandishia pango. Ukijua nisichopata, utanitoa."

Kisha akaniuliza kama nataka anisaidie mifuko. Nikasema hapana, si mizito. Akapanda, nikamsikia anafunga mlango kwa ufunguo.